Pikapu ya Land Rover 109: Jinsi ya Kuitambua Giaboksi Iliyotoka Nayo Kiwandani

Siku niliponunua pikapu yangu ya 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), Series IIA, muuzaji aliniapia kwamba kila kitu chini yake ni kile kile ilichotoka nacho Uingereza. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Wiki hiyo hiyo nikampa lifti mzee mmoja wa jirani, dereva mstaafu wa Land Rover za serikali. Tulipokaribia daraja nikashuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili, nikakanyaga klachi mara moja tu, na gia ikaingia kimya kabisa. Nikafurahi. Mzee akageuka akaniangalia: "Mwanangu, hii siyo giaboksi yake. Ingekuwa yake, hapo ingekupigia kelele."

Alikuwa sahihi. Tangu siku ile nimezikagua pikapu nyingi za aina hii, zangu na za watu, na nimejifunza kwamba dalili moja haitoshi. Gari lililofanya kazi miaka hamsini limepita mikono ya mafundi wengi, na kila mmoja alilirudisha barabarani kwa kilichopatikana siku hiyo. Ndiyo maana naanza na gari lenyewe ni lipi, kisha natazama kilichofungwa, kisha nahesabu meno yake bila kuyaona. Hesabu ndiyo inayomaliza ubishi, ila ukianza nayo bila kujua gari lako hutajua unailinganisha na nini.

Kwanza jua unashughulika na Series ipi

Series II ilitoka 1958, IIA ikafuata 1961, na Series III ikaanza 1971 na kuendelea hadi 1985. Kwa mbali zinafanana kama ndugu, na bodi zake zinabadilishana vipande kwa urahisi sana. Nimeona IIA yenye grili ya plastiki ya Series III na watu wakaiita "Series Three" kwa miaka. Kwa hiyo usiliamini bodi. Taa zilizohamia kwenye mabawa, dashibodi yenye mita mbele ya dereva, grili, vyote hivyo hufunguliwa kwa spana tu na kufungwa kwenye gari lingine kabla ya adhana ya magharibi.

Namba ya chasisi ndiyo msingi. Iko sehemu mbili. Moja ni kwenye kibati kilichopigwa ribiti ndani ya kabini, kwenye ukuta wa mbele. Nyingine, iliyo muhimu zaidi, imegongwa kwenye chuma cha chasisi chenyewe, mbele upande wa kulia, pale pembe ya chasisi inaposhika springi. Hapo hujaa matope, grisi na rangi ya miaka yote. Usiingie na grainda wala tindo. Paka mafuta ya taa, yaache yalale usiku kucha, asubuhi sugua kwa brashi ya waya laini, kisha pitisha chaki nyeupe juu ya chuma na ufute kwa kiganja. Chaki inabaki ndani ya tarakimu tu, zinasomeka kama maandishi ubaoni.

Sasa soma tarakimu tatu za mwanzo. Kwa 109 ya petroli yenye silinda nne na usukani wa kulia:

Series IIA: 251 ni ya soko la Uingereza, 252 ni ya kuuzwa nje, 253 ni iliyosafirishwa vipande ikaunganishwa huku nje.
Series III: 911, 912 na 913 kwa mpangilio ule ule.

Za dizeli za IIA ni 276, 277 na 278, na za Series III ni 916, 917 na 918. Kwetu Afrika Mashariki utakutana zaidi na namba ya pili na ya tatu ya kila kundi, kwa sababu magari haya yaliletwa kama ya kuuzwa nje au kama vipande. Kiwanda cha Thika kilichoitwa Leyland Kenya, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, kilikuwa kikiziunganisha Land Rover. Zile za mwisho wa Series III zina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na SAL.

Mwisho wa namba za zamani kuna herufi moja, A, B, C na kuendelea. Hiyo herufi siyo ya kupamba. Kiwanda kiliibadilisha kila kilipofanya badiliko kubwa kwenye muundo, na ndiyo itakayokuambia kama IIA yako ni ya mwanzo au ya baadaye. Iandike.

Kadi ya gari au logibuku itakupa namba ya chasisi na ya injini. Giaboksi haimo. Na linganisha kwa makini, kwa sababu karani aliyeandika kadi mwaka 1985 huenda alisoma 3 ikawa 8. Chuma ndicho cha kuamini.

Kile ambacho kiwanda hakikuwahi kufunga

Hapa unaweza kumaliza kazi kwa dakika tano. Hakuna Land Rover ya Series iliyotoka kiwandani na giaboksi ya otomatiki. Hakuna iliyotoka na gia tano. Gia tano zilikuja na One Ten, mrithi wa 109, iliyozinduliwa 1983. Kwa hiyo ukikuta pikapu ya Series yenye gia tano mbele, tayari unajua: imebadilishwa, na kwa huku kwetu mara nyingi ilikuja pamoja na injini nyingine ya dizeli ya Kijapani.

Angalia kwanza lakini kama hiyo "gia ya tano" siyo ovadraivu, gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini. Fairey walitengeneza ovadraivu inayofungwa nyuma ya transfa (boksi la gia nyepesi na nzito lililo nyuma ya giaboksi), nayo ina liva yake ndogo pembeni. Hiyo ni nyongeza iliyokubalika enzi hizo na haiharibu asili ya giaboksi iliyo mbele yake. Binafsi nikiikuta naiacha mahali pake, kwa sababu ni kitu cha enzi ile ile na safari ya mbali inakuwa na utulivu.

Kuna tofauti moja ya kweli. Series III yenye injini ya V8, iliyoitwa Stage 1 na kuanza 1979, ilitoka na giaboksi ya LT95, ambapo magurudumu manne yanavuta muda wote na kuna difu ya katikati inayofungwa. Hiyo haina kitufe cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele. Ukiiona 109 ambayo grili yake imesogea mbele ikawa sambamba na taa, usiihukumu kwa kanuni za zile za silinda nne.

Liva ndani ya kabini

Pikapu ya kawaida ya II, IIA au III ina liva tatu. Kubwa ni ya gia. Ya kitufe cha njano ukiibonyeza chini inaunganisha magurudumu ya mbele. Ya kitufe chekundu ukiivuta nyuma inaingiza gia nzito, na hapo fowili inaingia yenyewe. Ukirudisha nyekundu mbele, ile ya njano hupanda juu na mbele kunaachia. Kama liva moja haipo, au mpira wa sakafuni umekatwa na kuwekwa bati la kuziba, piga picha kabla hujagusa chochote. Bati la sakafu juu ya giaboksi husimulia mengi: matundu ya zamani yaliyozibwa, tundu jipya lililokatwa kwa msumeno, ukingo uliokunjwa kwa nyundo ili kupisha kitu kisicho chake.

Ingia chini

Hapa ndipo penye utajiri, kwa hiyo usiende haraka. Vaa miwani, maana miaka hamsini ya matope itakudondokea machoni. Washa tochi, na uwe na mtu wa kukupokezea vitu.

Jambo la kwanza kutazama ni silinda ya chini ya klachi. Kwa macho yangu hiyo ndiyo alama bora kuliko zote za kutazama, na watu wengi hawaijui. Kwenye Series II na IIA, silinda hiyo hukaa nje kwenye brakea yake, na inasukuma mkono ulioungwa na shafti fupi ya kupitisha nguvu inayoingia nyumba ya klachi kutoka pembeni. Utaona muungano, pini, mkono unaocheza. Kwenye Series III yote hayo hayapo: silinda imefungwa kwa bolti moja kwa moja ubavuni mwa nyumba ya klachi, na fimbo yake inazama ndani kusukuma uma wa klachi. Mtu hawezi kuficha tofauti hii kwa rangi. Kwenye pikapu yangu silinda ilikuwa ubavuni, imekaa vizuri, na mpira wake ulikuwa mpya kuliko kila kitu kilichouzunguka. Namba ya chasisi ilianza na 252. Gari la IIA, giaboksi ya III.

Ila tahadhari: nyumba ya klachi na giaboksi ni vitu viwili. Fundi anaweza kuwa alibadilisha kimoja akaacha kingine, ingawa ni nadra. Kwa hiyo endelea.

Fuata bomba la klachi kutoka juu kwenye pedali hadi chini. Bomba la asili lina mapito yake na vibanio vyake. Bomba lililounganishwa katikati, lililopindwa kwa mkono, au lenye nati ya aina tofauti na za breki, linakuonyesha kuwa silinda ilihamishwa.

Tazama pale giaboksi inapokaa kwenye chasisi. Brakea za asili zimechomelewa kiwandani na weldi yake ni nyembamba, ndefu, imetulia. Brakea iliyokatwa na kusogezwa ina weldi ya vipande vipande na mabaki ya weldi ya zamani karibu yake, hata ikisagwa. Pitisha kidole, utasikia kovu kabla ya kuliona. Giaboksi ya Series III ikiingia kwenye IIA haihitaji kukatwa chasisi, kwa hiyo brakea safi hazithibitishi kwamba giaboksi ni ya asili. Brakea zilizokatwa, kwa upande mwingine, zinathibitisha kwamba kuna wakati palikaa kitu kigeni kabisa, hata kama leo mtu amerudisha cha Land Rover.

Kisha propela. Iliyorefushwa au kufupishwa ina pete ya weldi katikati au karibu na kichwa. Hiyo ni habari ile ile kwa njia nyingine.

Mwisho wa kazi ya chini, tafuta namba ya giaboksi iliyogongwa kwenye bodi lake kwa juu. Mara nyingi ni rahisi zaidi kuifikia kutoka ndani ya kabini baada ya kufungua bati la sakafu. Mafuta ya taa na chaki tena. Na hapa nisisitize, kwa sababu nimewaona watu wakikata tamaa bure: namba ya giaboksi haitakiwi kufanana na ya chasisi. Kiwanda kilizipa mfululizo wake. Unachotafuta ni mwanzo wake na herufi ya mwisho. Kwa magari ya silinda nne, giaboksi ya IIA inaanza na 2, na ya Series III inaanza na 9, mara nyingi 901. Herufi ya mwisho inakuambia ni toleo la ngapi la muundo huo, na ndiyo utakayomtajia muuza spea, la sivyo atakupa beringi isiyoingia.

Kuisikia barabarani

Series II na IIA zina sinkro, kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno ili gia iingie kimya, kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Series III ina sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Ndiyo maana mzee aliijua yangu kabla hata sijafika daraja. Kwenye IIA ukishuka kutoka tatu kwenda mbili lazima upige dabo klachi: kanyaga, toa gia, achia, ongeza moto kidogo, kanyaga tena, ingiza. Madereva wa zamani walifanya hivyo bila kufikiri, mguu na mkono vikiongea vyenyewe.

Jaribu kwenye barabara tupu, giaboksi ikiwa imepata joto. Ikiingia kimya kwa klachi moja, mara kumi mfululizo, una sinkro kwenye gia ya pili, na hiyo ni Series III. Ikipiga kelele, usihukumu bado. Sinkro iliyokwisha ya Series III hupiga kelele vile vile, na hizi zilizofanya kazi za shamba nyingi zimekwisha. Kelele haithibitishi kitu; ukimya ndio unaothibitisha.

Kuhesabu meno bila kufungua

Sasa njia ninayoiamini kuliko zote. Kila toleo la giaboksi lina uwiano wake, yaani injini izunguke mara ngapi kwa kila mzunguko unaotoka nyuma, na uwiano hauvaliwi na kutu wala haupakwi rangi. Unaweza kuupima ukiwa na chaki na hendeli ya kuwashia injini.

Weka magogo imara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Hili usiliruke: breki ya mkono ya Land Rover hizi haifanyi kazi kwenye magurudumu, inashika ngoma iliyo nyuma ya transfa, na wewe unataka kuiachia. Inua ekseli ya nyuma, magurudumu yote mawili hewani, ukae kwenye stendi na si kwenye jeki. Hakikisha kitufe cha njano kiko juu na chekundu kiko mbele. Toa swichi ya moto, fungua plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Ya dizeli, fungua nozeli. Achia breki ya mkono. Piga alama ya chaki kwenye ngoma hiyo ya breki, na alama nyingine kwenye kitu kisichozunguka kilicho jirani.

Mtu mmoja anazungusha hendeli mbele, mwingine yuko pembeni ya gari akitazama alama ya ngoma. Zungusha mpaka ngoma imalize mizunguko kumi, huku mwenye hendeli akihesabu yake kwa sauti. Kumi inapunguza makosa. Ukihesabu mzunguko mmoja utadanganyika.

Anza na gia ya nne. Ya nne ni moja kwa moja, na transfa kwenye gia nyepesi ni 1.148, kwa hiyo utapata mizunguko ya hendeli 11 na nusu. Ukipata hiyo, unahesabu vizuri na transfa ni ya kawaida. Ukipata kama 15, transfa ni ya 109 ya tani moja, na hesabu zote zinazofuata zitabadilika.

Kisha rivasi. Hapa ndipo zinapoachana:

Series II na IIA za mwanzo: kama 29.
IIA za baadaye: kama 35.
Series III: kama 46.

Tofauti kati ya 35 na 46 haina ubishi hata kwa watoto wa jirani waliokuja kutazama. Yangu ilitoa 46. Gia ya kwanza haikusaidii kutofautisha IIA ya baadaye na Series III, kwa sababu ni 41 na 42, ila inazitenga zile za mwanzo zinazotoa 34. Kama una wasiwasi kuhusu transfa ya gari la mwanzo, rudi kwenye gia ya nne na uvute kitufe chekundu, huku magurudumu ya mbele nayo yakiwa hewani kwenye stendi maana fowili itaingia: za mwanzo hutoa kama 29, za baadaye 23 na nusu.

Kama unataka karatasi

British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, inatunza vitabu vya uzalishaji vya Land Rover na hutoa cheti kwa anayeomba kwa namba ya chasisi. Cheti hukupa tarehe ya kutengenezwa, mahali lilipopelekwa, na namba za vipande pale zilipoandikwa. Kwa gari la 252 naona inafaa kulipia. Kwa gari la 253 lililokuja kama vipande, usitegemee cheti kikuambie zaidi ya kile chasisi ilichokwisha kukuambia.

Ukigundua si yake

Usikimbilie kuitoa. Kama pikapu ni ya kazi, giaboksi ya Series III ndani ya IIA ni badiliko lililofanywa na fundi mwenye akili, na mtoto wako anayejifunza kuendesha atamshukuru. Lakini kama unarudisha gari katika hali yake ya 1966, kwa maonyesho au kwa kumbukumbu ya aliyelinunua, basi giaboksi ni sehemu ya gari kama ulivyo usukani. Jinsi linavyopandisha mlima, mlio wake, dabo klachi wakati wa kuteremka mlima wa Kitonga kule Iringa, vyote vinatoka hapo. Mimi niliamua kuirudisha ya IIA, kwa sababu mzee yule alinifundisha kuiendesha na nilitaka aiendeshe tena ikiwa yenyewe.

Unapotafuta ya kubadilishia, usinunue giaboksi peke yake. Dai pamoja na nyumba yake ya klachi, ile shafti fupi, mkono wake, silinda na brakea, kwa sababu vitu hivyo vidogo ndivyo vigumu kupatikana peke yake. Na kabla hujatoa hela, ihesabu pale pale uwanjani. Iweke kwenye mbao, ingiza rivasi, kitufe chekundu mbele, zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono na rafiki atazame flanji ya nyuma. Kwa mizunguko kumi ya flanji, IIA ya baadaye itakupa 35 ikiwa na transfa. Kama transfa imeng'olewa, tazama shafti kuu yenyewe: 30 ni IIA, 40 ni Series III. Muuzaji akikuambia huna haja ya kuhesabu kwa sababu yeye anaijua, hesabu mara mbili.